Ujia Katikati ya Matofali

Nelida aliyainua matofali mabichi uwanjani na kuyasimamisha kwa ubavu yakauke, kama mtu anayegawa makofi. Tangu jana daftari lake lilikuwa na sifuri nyekundu, na chini yake neno moja: Umeibia. Swali lilikuwa saba mara kumi na nane. Aliandika sabini, akaandika hamsini na sita, akajumlisha: mia moja ishirini na sita. Jibu sahihi. Lakini kwa sifuri ile jina lake lilikatwa kwenye orodha ya watoto watatu wa kwenda mjini Cusco kushindana hesabu, na orodha ilikuwa inaondoka Jumatatu asubuhi.

"Utayavunja," mama yake, Eulogia, alimwambia. "Udongo haukukukosea."

"Aliyenikosea yule anakuja."

Mwalimu Rufino alikuwa akipanda kilima, kofia mkononi, kuja kutazama matofali aliyoagiza kwa ukuta wake kabla ya mvua.

Eulogia hakumkaribisha hata kikombe cha chicha, pombe ya mahindi. "Mwalimu, binti yangu ameibia kwa nani?"

"Mama, hakupanga namba juu na chini nilivyofundisha. Jibu limetoka hewani. Nani huulizwa swali moja akafanya hesabu mbili?"

"Sisi," Nelida alisema. "Tunalaza kumi, tunaacha ujia wa kupitisha mguu, tunaendelea. Safu saba za kumi na nane ni saba mara kumi upande huu wa ujia, na saba mara nane upande ule. Matofali hayapungui kwa kuachiwa njia."

"Hayo ni mambo ya uwanjani."

Eulogia alishika kiuno. "Haya, ya kwako ndiyo hayo. Safu kumi na nne, kila safu ishirini na matatu. Mangapi?"

Mwalimu alikuwa bado anatafuta kalamu. "Mia moja na arobaini, mia moja na arobaini tena, na arobaini na mawili," Nelida alisema. "Mia tatu ishirini na mawili."

Rufino aliandika kumi na nne juu, ishirini na tatu chini. Mstari wa kwanza, 42. Wa pili, 28, akiisogeza kushoto. Jumla, 322.

Nelida alichungulia. "Hiyo ishirini na nane uliyoisogeza ni ngapi hasa?"

"Ni mia mbili themanini."

"Kumi na nne mara ishirini. Na juu yake, kumi na nne mara tatu. Na wewe umefanya hesabu mbili, mwalimu. Umeibia kwa nani?"

Eulogia alicheka kicheko kikavu. Masikio ya Rufino yaliiva kwa aibu.

"Nitalifikiria Jumatatu."

"Jumatatu orodha itakuwa imekwenda." Nelida alichomoa daftari kwenye shuka alilojifunga mgongoni. "Kalamu unayo."

Mwalimu alikata sifuri. Akatoa orodha mfukoni, akaandika jina upya.

"Basi, imetosha?"

"Lile neno bado linasomeka."

Akalifuta kwa wino, akarudia, akarudia, mpaka karatasi ikatoboka. Hakuomba radhi, na Nelida hakumshukuru. Alirudi kwenye safu, akainua tofali jingine.