Jostiki Isiyo na Huruma

Mume wangu alipotoka hospitali, mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka. Akishika kikombe, nusu ya chai huishia kwenye shati. Akishika kitasa cha mlango, kitasa hupiga kelele kabla mlango haujafunguka. Kiharusi kilikuwa kidogo, daktari alisema, na mkono utarudi ikiwa mwenyewe ataufanyisha kazi. Ikiwa mwenyewe! Daktari hamjui mume wangu. Huyu ameendesha kreni ya ujenzi maisha yake yote, amekaa peke yake juu ya ghorofa ambazo hata hazijawa ghorofa, na mtu aliyezoea kukaa juu ya vichwa vya watu hapendi kuambiwa abinye kimpira cha mazoezi.

Alikibinya siku chache, akakitupa uvunguni. Basi tumaini langu lote likabaki kwenye gemu.

Msinicheke. Ni gemu la ndege. Tangu tulipooana, kila Jumapili kaka yangu huja, wanaketi na mume wangu mbele ya kompyuta sebuleni, skrini imegawanywa nusu kwa nusu, kila mmoja na jostiki yake, ule mpini wa kuongozea ndege, wanafukuzana angani na kutaniana kishemeji mpaka chakula kinapoa. Kaka ni fundi wa redio na televisheni, kwa hiyo mume wangu humwita Waya. Naye humwita mume wangu Winchi. Mimi walikuwa wananikera. Mungu anisamehe, kuna Jumapili niliomba umeme ukatike.

Jumapili ya kwanza baada ya hospitali, mume wangu aliketi kando ya kaka, akashika jostiki. Ndege yake ikayumba kama mlevi, ikajichimbia ardhini. Akaanza upya, ikajichimbia tena. Mara ya tatu haikumaliza hata kupaa. Akainuka, akanifuata jikoni.

"Mpe mtu yeyote hiyo kompyuta," alisema. "Mkono huu umeshakufa. Usinisumbue tena na mazoezi, usinisumbue na chochote."

Akaenda chumbani, akalala mchana kweupe, yeye ambaye hajawahi kulala mchana hata akiwa na homa. Kiharusi chenyewe hakikunitisha kama usingizi ule.

Nilimkuta kaka bado ameketi, jostiki yake mapajani.

"Mtengenezee nyingine atakayoiweza," nilimwambia. "Akikosa cha kushika, tutampoteza huku tunamwangalia."

"Usijali, dada. Nitaitengeneza nyepesi kuliko unyoya."

Nikamshukuru, mjinga mimi. Kaka alitoa springi zote, akaweka vispringi vya kalamu. Mimi ni fundi cherehani, kujaza na kuvika ndiyo kazi yangu, basi nikauvika ule mpini sifongo na kitambaa laini. Mume wangu akaujaribu, ndege ikaanguka. Tukatengeneza ya pili, yenye kichwa cha mviringo cha kulazia kiganja. Ikaanguka. Ya tatu ungeweza kuisogeza kwa ncha ya kidole. Ukipumua karibu yake tu, ndege inageuka. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko zote.

Kila mara mume wangu alijaribu kwa heshima, akakaza taya, akasema, "Asante, shemeji."

Asante! Wale wawili katika maisha yao hawajawahi kuambiana asante. Walishaitana kila jina la mnyama, lakini si shemeji kwa sauti ile ya kanisani. Adabu ile ilinitia baridi. Kaka naye akaanza kutafuta visingizio vya kutokuja.

Siku moja nilikuwa nashona mapazia mazito ya turubai. Cherehani ikakwama. Gurudumu lake la pembeni likagoma kabisa, nami nikaanza kuligonga na kulitukana, maana mdomo wangu haujui kupumzika. Mume wangu akatoka chumbani na uso wa mtu aliyeamshwa.

"Unaivunja. Hebu pisha."

Akasahau kwamba anaumwa. Akalishika gurudumu kwa mkono wa kulia, akaanza kulizungusha polepole, huku linamkatalia. Nikautazama ule mkono. Ulikuwa umetulia kabisa. Gurudumu lilipoachia na kuzunguka bure, mkono ukaanza kutetemeka upya, naye akauficha mfukoni.

"Rudisha mkono hapo," nikasema.

"Wa nini?"

"Rudisha mkono, nimesema."

Nikalibana gurudumu kwa kiganja changu kwa nguvu zangu zote, nikamwambia azungushe. Akasukuma, nami nikakaza. Mkono umetulia. Nikaachia ghafla, ukatetemeka. Nikakaza tena, ukatulia.

"Kule kwenye kreni," nikamuuliza, "leva zako, ile mipini ya kuongozea, zilikuwa laini?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama maji yanalowesha.

"Laini? Leva laini inaua watu. Kule juu upepo unakutikisa, na wewe ni binadamu, unapiga chafya. Leva ikiwa laini, mzigo ushaondoka. Leva nzuri inakukatalia kidogo. Unaiegemea, inakushika."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mmeniletea masifongo."

Mgonjwa haulizwi uji, tunasema, nasi tukampikia uji wa kila aina bila hata kumwuliza anaumwa wapi. Tulimwonea huruma mpaka tukamnyang'anya kitu cha kuegemea. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nilikuwa karibu kulia.

Nikampigia kaka simu palepale. "Njoo na springi ngumu. Ngumu kabisa, za chuma."

"Dada, mkono wa mgonjwa..."

"Mkono wa mgonjwa niachie mimi. Wewe leta chuma."

Alikuja na mpini wa gia wa gari bovu, springi nene, na ubao mzito. Ndani yake akafunga vitufe vya kuzungusha, vile vya kuongezea sauti, alivyong'oa kwenye redio, ambavyo huiambia kompyuta mpini umeinamia wapi. Mimi nilikata mpira wa ndani wa tairi na ngozi ya begi la zamani, nikashona kola ya kuzunguka shina la mpini, mshono juu ya mshono, ili umkatalie kila upande. Katikati tukapaka grisi nzito. Ubao tukaukaza mezani kwa bolti, nikaisikitikia meza yangu kimoyomoyo tu.

Mume wangu aliletewa stuli awe anajaribu. Dakika ya kwanza aliusukuma mpini huku na huku. Kisha akasema, "Kaza." Tukakaza. "Kaza tena." Tukakaza. "Kushoto imelegea. Waya, wewe redio za watu unazitengenezaje kwa macho hayo?"

Kaka aliinamia bisibisi yake kuficha tabasamu. Mimi nilikuwa nimesahau jinsi mume wangu anavyokera akiwa mzima. Alitutuma, akatukosoa, akatufumulisha kola nzima, na mimi niliyafanya yote bila kumjibu, jambo ambalo halijawahi kutokea nyumba hii.

Jumapili wakaketi. Ndege ya mume wangu ikayumba kidogo, akaegemea mpini, ikanyooka. Ikapaa. Ikazunguka kilima, ikarudi. Nikashusha pumzi. Akamshinda kaka raundi ya kwanza. Akamshinda ya pili. Mimi nikapiga makofi, lakini yeye taya zake zilikuwa zimekazana tena.

"Umeniachia," akamwambia kaka.

"Mimi? Nikuachie kwa lipi?"

"Ulikuwa nyuma yangu kabisa, mkia wangu uko wazi, wewe ukapinda pembeni. Nakujua, Waya. Huna roho nzuri hivyo."

Kaka akanitazama, anaomba nimwokoe. Nami nilitaka kumwokoa. Nilitaka mume wangu ashinde mpaka jioni, ashinde mpaka apone. Lakini nilikwishaona huruma yetu ilikotufikisha.

"Acha kumwachia," nikasema.

Raundi ya tatu kaka alimvamia bila aibu. Mume wangu alipinda huku na huku, jasho likamtoka, ngozi ya kola ikalia, na mkono haukuachia. Alikaribia kutoroka. Kaka akamkatia njia nyuma ya kilima, akamtungua. Ndege ikashuka na moshi wake mpaka chini.

Nilishika fremu ya mlango. Nikasema moyoni, sasa atainuka, ataenda chumbani.

Hakuinuka. Alikunjua vidole, akajifuta jasho kwenye suruali, akaushika mpini tena.

"Mke wangu," alisema bila kugeuka, "funga mlango kwa ufunguo. Kaka yako leo hatoki humu."

"Nani anatoka?" kaka akajibu, akijipangusa macho kwa mkono wa shati. "Bado sijakumaliza, Winchi, kobe mkubwa wewe."

Nikaenda jikoni, nikakaa, nikalia kwa raha zangu. Kule sebuleni walikuwa wakitukanana kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na kila tusi lilizidi kunipa nafuu.