Milivolti Mia za Prof Michée

Kufikia Alhamisi asubuhi, Prof Michée alikuwa amefungua laptop ya shule katika Linux mara kumi na nne, na mara zote kumi na nne ilikuwa imezimika mbele yake bila hata kuaga. Mara ya kumi na tano hakuwa na nguvu ya kukasirika. Aliitazama tu.

Ilikuwa shule ya bweni karibu na Luberizi, mahali ambapo saa nne asubuhi mabati ya paa huanza kulia kwa joto. Kesho yake ilikuwa siku ya proclamation, yaani kutangaza matokeo. Wazazi wangekuja toka Kiringye, toka Luvungi, hata toka Uvira, wangeketi uani, na Préfet Gaspard, mkuu wa shule, angesoma asilimia za wanafunzi mia nne na kumi na wawili, mmoja baada ya mwingine, aibu zote hadharani. Asilimia hizo zilikuwa ndani ya laptop. Michée mwenyewe ndiye aliyetangaza, mwezi wa tisa, kwamba madaftari ya pointi yamepitwa na wakati. Préfet alimjibu kwa upole wa mtu anayepima kaburi: bulletini, karatasi za matokeo, zisipotoka, chumba cha kompyuta kitarudi kuwa ghala la maharagwe.

Laptop ilikuwa na mifumo endeshi miwili, Windows na Linux. Sœur Anne, mtawa, sekretari na mwalimu wa dini, aliingiza pointi na kukokotoa wastani wa madarasa katika Windows. Michée alikokotoa asilimia za wanafunzi na kuchapisha bulletini katika Linux, kwa sababu printa ya shule, kikongwe chenye kiburi, ilisikilizana na Linux peke yake. Joto la bonde liliipika prosesa, basi mwezi uliopita Michée aliipunguzia volteji pande zote mbili, milivolti mia moja, ili itumie umeme kidogo na ipoe. Kwa Sœur dawa ilikubali. Wiki nne hakulalamika hata siku moja. Katika Linux, kwa namba ileile, laptop ilizimika kila hesabu zilipofika darasa la tatu.

Kwa hiyo mwenye kosa alijulikana. Siku tatu Michée aliiadhibu Linux. Aliifuta, akaiweka upya, akaifuta tena. Alisafisha feni kwa brashi ya viatu. Namba mia hakuigusa, kwani ilikuwa imeshathibitishwa upande wa pili.

Saa tano na nusu alivuta kiti karibu na Sœur Anne, amtazame akifanya kazi katika Windows, kama mgonjwa anavyomtazama jirani mwenye afya.

"Prof, weye uko mugonjwa?"

"Minye niko muzima, Ma Sœur. Ni Linux iko mugonjwa."

"Unaitesa sana. Hii yangu inanitumikia kwa upendo."

Sœur aliandika pointi taratibu, kwa kidole kimoja. Pembeni mwa skrini kidirisha cha volteji iliyopunguzwa kilionyesha mia. Kengele ya Angelus, sala ya saa sita, ikalia. Sœur akasimama, akafunika laptop kwa kushusha skrini yake, akafanya ishara ya msalaba. Michée naye akasimama, akasali akiwaza prosesa. Walipomaliza, Sœur akaifunua, akaanza kukokotoa wastani wa madarasa.

Michée aliinama. Kidirisha kilionyesha sifuri.

"Ma Sœur, unaifunikaga hivi kila siku?"

"Kila saa sita. Feni yake inapiga kelele kupita kwaya. Mbele ya Malaika wa Bwana hata mashini inyamaze."

Michée alikaa chini. Laptop ikifunikwa inalala, na ikiamka Windows husahau namba mpaka iwashwe upya kesho yake, maana yeye Michée hakuiambia iikumbuke. Linux aliiambia. Asubuhi Sœur aliandika tu, kazi isiyomchosha yeyote. Hesabu nzito alizifanya baada ya sala, kwa volteji kamili. Wiki nne Michée alikuwa amesifu dawa ambayo mgonjwa alikuwa akiitema saa sita kamili.

"Hifadhi kila kitu, Ma Sœur."

Akarudisha mia, akaanzisha hesabu. Dakika mbili, skrini ikawa nyeusi.

Sœur alitazama skrini, kisha akamtazama yeye. "Sasa umeambukiza na ya kwangu."

Michée aliingia Linux, akaweka themanini: ikafa darasa la tano. Sitini ikapita. Akaweka hamsini, kwa woga. Saa kumi printa ilikuwa ikikohoa bulletini za darasa la pili, na Préfet amesimama mlangoni akisikiliza maelezo yote, toka mia mpaka Malaika wa Bwana.

"Kwa hiyo siku tatu umeshitaki asiye na kosa," alisema Préfet.

"Ndiyo, Préfet."

"Namba ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

Préfet alichukua karatasi moja, akakagua asilimia kwa kalamu, akakagua nyingine. Hakupata kosa, na ilionekana alilitafuta kwa moyo wote.

"Maharagwe yatabaki yaliko," alisema. "Lakini mwaka ujao utafundisha na dini. Sœur amechoka."

Michée alitaka kukataa. Akahesabu nguvu zilizobaki, akaona zinatosha kubeba bulletini za darasa la pili kwenda kusainiwa, akazibeba.