Gari la Mzee Matar

Nimechoka kushauri watu. Miaka ishirini na saba niko hapa Sharjah, kwenye gereji za viwandani, na kazi yangu ni moja: mtu akitaka kununua gari la mbio lililokwisha tumika huko Japani, ananiita nilikague. Nasema yale yale kila siku. Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyeliwasha kabla hujafika ana jambo. Fungua kifuniko cha oili, unuse. Tazama vichwa vya bolti kama rangi imechubuka. Usiamini kilomita, amini kanyagio la klachi. Na usifuatane na rafiki anayependa magari, maana mapenzi ni upofu. Wananisikiliza, wananilipa, kisha wananunua lile lile lililowapendeza rangi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mwezi wa tatu alikuja mama mmoja, Maitha. Hakutaka hata kukaa. Nilimjua, kwa sababu mwanawe mkubwa, Seif, nilimkagulia gari miaka mitatu nyuma.

"Fundi Nizar, ulimwambia Seif gari lake zima."

"Lilikuwa zima, mama."

"Najua lilikuwa zima. Tangu apate ajali nalo, kila asubuhi namvalisha viatu mimi, na miguu yenyewe haijui kama imevaa." Akavuta pumzi. "Kesho mdogo wake, Hazza, atakupeleka kwa Mzee Matar ukaangalie gari analotaka kununua, Skyline. Mwambie bovu."

"Na kama si bovu?"

"Ndiyo maana nimekuja leo."

"Mama, neno langu ndilo linalonilisha. Sijawahi kulitia maji."

"Litie maji mara moja tu, fundi. Mimi sina mtoto wa tatu."

Nililala vibaya siku ile. Mtu mzima, mwenye mvi, nalala namfikiria kijana wa watu na viatu vyake.

Mzee Matar alikuwa na gari lile kwa miaka kumi na moja, na alikuwa akiliuza kwa sababu goti lake lilikuwa limegoma kukanyaga klachi. Sokoni kwetu, muuzaji asiyetaka maneno husema, "Nakuuzia rundo la chuma." Ukikubali, basi; hata injini ikidondoka barabarani, humrudii. Siku hizi wanalisema neno hilo wote, hata mwenye gari safi, kwa kujikinga. Mzee Matar hakuwa amepata kulisema maishani mwake.

"Mimi nauza gari, siuzi chuma," alituambia tulipofika. "Kioo cha kushoto kizito kupanda. Oili inatoka jasho kidogo pale chini. Ukikuta kasoro nyingine ambayo sikuitaja, nirudishie, hata kama nimeshalala kitandani nasubiri kufa. Bei elfu mia na thelathini."

Nikaingia chini ya gari na taa yangu. Huko juu nilimsikia Hazza akibembeleza.

"Babu, mimi si kama mjukuu wako? Nina themanini na tano. Sina pengine pa kupata."

"Basi, mjukuu wangu, lipende kwa mbali. Sipunguzi hata dirhamu."

Nilisikia vizuri, lakini akili yangu ilikuwa kwa Seif, sikuyapima maneno yale. Gari lenyewe sijaona mfano wake. Usukani ulikuwa umehamishwa kutoka kulia kuja kushoto, kazi inayoharibu magari mengi, lakini aliyeifanya hii alikuwa na mkono wa fundi cherehani. Hapakuwa na kutu wala ufa. Nikatoka, nikajifuta mikono muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.

"Pale walipokata bodi kuhamisha usukani pameanza kupasuka," nikasema. "Hapaonekani kwa sababu ya rangi. Ukifunga breki ghafla, usukani unaweza kukuachia."

Nilitaraji mzee anitukane. Ningeshukuru angenitukana. Akaweka mkono juu ya boneti, akainamisha kichwa.

"Na mimi humu nilikuwa napakia wajukuu," akasema. "Ahsante, fundi. Mwingine angenificha."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Hazza akaondoka amenuna, na jioni Maitha akaniletea sinia la tende. Sikuweza kula hata moja.

Uongo wangu ungeishia kwetu wanne, lakini Mzee Matar si mtu wa kuficha. Kila mteja aliyekuja alimwambia mwenyewe, "Fundi Nizar amesema usukani unaweza kukuachia." Wakakimbia. Madalali wakamcheka: "Babu, unauza gari au unatoa mawaidha?" Mmoja akamshauri alipeleke kwa fundi mwingine. Akajibu, "Nizar akishasema, nimuulize nani tena?"

Baada ya wiki tatu, mlio wa Skyline ukaingia gereji kwangu. Hazza akashuka meno yote nje.

"Themanini, fundi! Themanini tu! Na unajua mzee amesema nini? 'Nakuuzia rundo la chuma.' Mzee Matar! Hata usoni hakuniangalia."

"Nawe ukakubali? Pamoja na niliyokwambia?"

"Si umeshaniambia panapouma? Ugonjwa ukijulikana, dawa rahisi. Lipandishe jeki upachomelee. Nimebakiwa na elfu tano zako hizi."

Nililipandisha. Nikawasha taa, nikashika mashine ya kuchomelea, na ninakiri, nilifikiria kuichoma ile bodi nzima niiharibu kweli. Mikono ikakataa.

"Hakuna ufa, Hazza."

"Ulikosea?"

"Sikukosea. Nilisema uongo."

Akanitazama. Nilijua ataniuliza kwa nini, nikawa natafuta pa kuanzia. Hakuuliza hivyo.

"Mama?"

Nikaiweka mashine chini. Akaanza kucheka, akanikumbatia na mafuta yangu yote, akanibusu kichwani kama anavyobusiwa baba.

"Mungu akupe, fundi! Umeniokolea elfu hamsini. Bila uongo wako ningelitazama kwa macho tu mpaka linachukuliwa na mwingine."

"Na mzee wa watu?"

"Mzee ameshauza. Rundo la chuma, fundi. Yamekwisha hayo."

Akalishusha mwenyewe kwenye jeki, akaliwasha. Nilisimama mlangoni nikimsikiliza: gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hata kwenye kona ya msikiti hajafika. Injini ilikuwa safi kabisa. Nilikuwa na simu mkononi na watu wawili wa kuwapigia, nami sikujua nianze na yupi.