Uso wa Ghorofa ya Sita

Mgeni ni kuku mweupe, wanasema, na huyu alikuwa mweupe kwelikweli. Miaka thelathini alichonga mawe ya mapambo kwenye majengo ya watu, akirudi nyumbani vumbi hadi kwenye kope. Kazini walimwita Vumbi. Jina lake la kwao liliwashinda kutamka, wala hawakujisumbua kujifunza.

Kwao aliondoka mbio, hata picha ya mama yake hakubeba. Basi alipopewa kuchonga uso wa mwanamke wa kuwekwa ghorofa ya sita ya benki, alichonga uso wa mama, wakati bado anaukumbuka. Tangu hapo, kila siku ya mapumziko alisimama barabarani, shingo juu, akimtazama. Wapita njia walidhani amechanganyikiwa. Shauri yao.

Lakini vumbi halina shukrani. Lilimwingia kifuani, likamlaza ndani miaka miwili, na macho nayo yakafifia. Sura ya mama ikamtoka kichwani kabisa; ikabaki ile ya jiwe tu. Ndipo habari zikaja kwamba benki inavunjwa. Mzee alilia, naye hakuwa mtu wa kulia. Akasema anataka amwone mama mara moja tu, kisha lolote na liwe.

Binti yake, king'ang'anizi kama kupe, alimwandama msimamizi wa ubomoaji siku nne mpaka yule bwana akasalimu amri. Jiwe likaletwa kwa mkokoteni, likawekwa sebuleni, na mzee akasogezwa mpaka pua ikaligusa.

Lahaula! Macho yalikuwa mashimo, kidevu kimechomoza, paji limeinama mbele kama la mtu anayetaka kukupiga kichwa. Binti akaduwaa. Huyu ndiye bibi mzuri aliyesimuliwa tangu utotoni?

Mzee alilipapasa, kisha akamweleza, kikohozi kikimkata kila neno. Uso wa kuwekwa juu hupotoshwa makusudi, ili anayetazama kutoka chini auone sawasawa. Kwa karibu ni zimwi. Hilo alilijua tangu akiwa mwanagenzi. Hamu tu ndiyo iliyomsahaulisha.

Binti aliita majirani wanne, wakalipandisha jiwe ngazi kwa ngazi, wakililaani kila ghorofa, mpaka ukingoni mwa paa la nyumba yao ya ghorofa. Mzee akaketishwa uani kwenye kiti.

Binti akashuka mbio, akasimama kando ya baba yake, akatazama juu. Machozi yakamtoka. Zimwi limekwenda. Bibi yake alikuwa pale, mzima, midomo inakaribia kucheka.

"Shikamoo, bibi," akasema.

Mzee akainua shingo kama zamani. Aliona weupe wa mbingu, ukingo wa paa, na doa la kijivu. Akakodoa macho mpaka yakamuuma. Doa likabaki doa. Binti akamshika bega, akamuuliza kama anamwona.

"Namwona," mzee akasema. "Anasema marahaba."