Faili Lililoshikwa Bunda

Saa mbili asubuhi Lukresia alifuta vumbi kwenye kompyuta ya kampuni ya pamba, ofisi ya Musoma, akaiuliza majina ya wafanyakazi wa kiwanda cha Bunda. Ilikuwa mwaka tisini na sita. Kiwanda kilikuwa kimeuzwa, na mnunuzi alisema atawabakiza waliomo kwenye kompyuta tu, orodha aipate saa sita. Mumewe Lukresia, Mwikwabe, alikuwa fundi mitambo hapo Bunda, huo ukiwa mwaka wake wa kumi na saba.

Kompyuta haikujibu. Akatikisa waya wa simu ulioiunganisha na kompyuta ya Bunda, ulikuwa mzima. Akazima, akawasha. Ikaandika kwamba faili limeshikwa na mtu. Basi akauliza, kama alivyofundishwa, limeshikwa na nani.

Ukiuliza hivyo, mshikaji huja mwenyewe. Ndivyo mashine zile zilivyokuwa. Mlango ukafunguka, akaingia Helena, karani wa Bunda, dada yake Mwikwabe, vidole bado vinachapa hewani. Lukresia akamsogezea kiti.

“Karibu, wifi. Umeshika nini huko?”

“Nimemfuta kaka,” Helena akasema. “Nafasi ya fundi ni moja. Nimemweka mume wangu.”

Mumewe huyo, Burito, alikuwa mlinzi wa geti. Spana aliijua kwa kuiona.

“Mwikwabe ndiye aliyekusomesha.”

“Najua, wifi. Alikuwaga ananiletea ada shuleni kwa miguu.”

“Basi mrudishe.”

“Siwezi. Nami nina watoto.”

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kitaomba na maji ya kunywa. Helena aliomba, akapewa.

Aliyeitwa haondoki mpaka swali lifungwe. Lukresia angeweza kumwacha akae hapo hadi azeeke, na alitamani. Lakini Helena akikaa, faili linabaki limeshikwa, na watu sitini na wawili wa Bunda wanakosa kazi. Kumrudisha Mwikwabe hakuweza: Musoma iliuliza tu, Bunda ndiyo iliyoandika. Saa sita kasoro dakika kumi akalifunga swali. Helena akatoweka na bilauri mkononi, na orodha ikatoka.

Jioni Mwikwabe alishuka kwenye basi la Bunda, akaingia ndani, akavua viatu.

“Mimi simo,” alisema. “Ila Burito yumo. Afadhali, mke wangu. Dada hawezi kututupa.”

Lukresia akamletea maji ya kunawa.