Maji kwenye Ulimi

...na kwa nini amembeba yeye, tangu nyumbani nilisema nipe nimbeleke mwenyewe, akasema acha, mgongo wako bado, mgongo gani, nimejifungua huu mwezi wa nne, na sasa tumo ndani ya chumba hiki cha muuguzi, Sista Eshun, hapa kliniki, Mama ameketi karibu na mlango, Fiifi wangu yuko mgongoni mwake, na hata kiti hakukikalia sawasawa, amekaa ukingoni kama mtu anayetaka kuondoka, mimi nimewekwa huku kwenye kona chini ya dirisha la nondo, nani alivipanga viti hivi, mtu akitaka kutoka na mtoto atatoka yeye kwanza, mimi nitabaki na nondo... "Maswali yamebaki machache, Esi, usichoke," anasema Sista Eshun, kalamu yake iko juu ya karatasi, na pakiti ya maji aliyonipa bado iko mkononi mwangu, baridi, sijainywa, maana aliing'ata kona mwenyewe kabla ya kunipa, akasema naona mikono inakutetemeka, nimekufungulia, sasa nani alimwomba afungue, pakiti zote za maji hapa mjini Mankessim mtu anang'ata mwenyewe, ya kwangu tu ndiyo inakuja imefunguliwa... na wanajuana hawa wawili, tulipoingia tu Sista akacheka, "Mama Araba, dokono lako la juzi, donge zito la mahindi lile, nusura linifukuzishe kazi, nilikula mawili nikasinzia mbele ya wagonjwa," na Mama akamjibu, "Mawili! Lile ni la wapasua mbao, Sista, wewe mwenye mikono laini ungeomba nusu," wakacheka, wakacheka tena, mimi nikajiuliza walionana lini huyo juzi, Mama hakuniambia, waliongea nini kati ya dokono na samaki, lazima walinisema, lazima walipanga, atakuja siku fulani, mwambie mambo ya kawaida, mtoto nitambeba mimi... "Anakula?" aliuliza Sista, na Mama akajibu haraka, "Anakula vizuri tu," huku akivuta ncha ya sikio, ndivyo anavyofanya akidanganya, nimeishi naye miaka yote hii, mteja akiuliza dokono ni la leo, na ni la jana, Mama huvuta sikio na kusema la leo hii, halijapoa, gusa... "Unalala?" akaniuliza mimi, nikasema nalala, na mimi sina sikio la kuvuta kwa hiyo hakuna aliyejua, silali, tangu Fiifi azaliwe usingizi umekuwa kitu cha watu wengine, nawasikia wakiukoroma ukutani... halafu akauliza tarehe na siku yangu ya kuzaliwa, na kabla sijafungua mdomo Mama akadakia, "Jumapili, Sista, ndiyo maana ni Esi, Jumapili asubuhi kengele za kanisa zinalia," ona huyo, uongo na kengele zake, maana kwetu jina la kwanza ni la siku, wa Jumapili ni Esi, wa Alhamisi ni Aba, hakuna anayechagua, na mimi kadi yangu ya kliniki niliiona, chini ya sanduku, chini ya vitenge vya msibani, nilikuwa na miaka kumi na minne, kadi iliyochakaa, uzito wangu umeandikwa, mahali pa jina la mama pamepigwa mstari, tarehe iko wazi, nikahesabu kwa kalenda ya kanisa, ikatoka Alhamisi, nikahesabu tena, Alhamisi, kwa hiyo mimi ni Aba, yule anayeitwa Esi uani, aitike haraka alete maji, ni nani basi... na ningepaswa kujua zamani, maana kila Krismasi Mjomba Ebo, kaka yake Mama, huonyesha kidole chake, "Kovu hili mnaliona? Huyu Esi alining'ata siku ya kumpa jina, namtia tone la maji ulimini, kha! akanidaka kama mbwa," na watu wote hucheka, nami nilicheka nao miaka kumi na mitatu, mpaka nilipoenda kumtoa nje mtoto wa jirani, kumpa jina, siku ya nane, kichanga macho hata hayajafunguka sawa, mzee akamtia tone la maji, ukiona maji useme ni maji, akamtia tone la pombe, ukiona pombe useme ni pombe, ili mtoto akue mkweli, nikatazama ule mdomo, ufizi mtupu, mwekundu, mtoto wa siku nane hana meno, mtoto wa siku nane anamng'ataje mtu mzima mpaka kovu... kwa hiyo walinichukua mahali, na meno yangu tayari kinywani, wakahesabu siku nane tangu niingie mlangoni kwao, wakanitia tone la ukweli ulimini, na tone lenyewe likawa uongo... na sijawahi kumwambia Mama kwamba najua, miaka sita, namtazama tu, akinipa paja la kuku najiuliza ananilipa kwa lipi, aliponishonea sare ya shule mpaka akajidunga vidole najiuliza anaficha nini, hata juzi aliniwekea majani laini ya mgomba chini ya mkeka kwa sababu ya mgongo wangu, nikayanusa kwanza... "Esi," anasema Sista Eshun polepole, "ungependa Mama atoke kidogo tuongee wawili?" hicho ndicho, hapo ndipo walipopanga, atoke, atoke na nani mgongoni, nasema sijui, Sista anasema hakuna haraka, fikiria, na anasogeza pazia ili jua la dirishani lisinipige usoni, kwa nini anasogeza pazia, anataka anione vizuri... ningemwambia nini tukiwa wawili, ningemwambia habari ya mlango, kila alfajiri Mama akiwa jikoni anakoroga unga mimi huwa na Fiifi mapajani nikiwaza mlango, mlango wa mke wa mwenye duka la dawa, una wavu wa buluu, hawana mtoto, mke mwenyewe ana sauti ya chini na anawapa mbuzi wa watu maji, nimeshaupita mara tatu, nimehesabu hatua kutoka barabarani, ningemweka pale akiwa ameshiba, nigonge, niende, kwa sababu mtoto huyu anahitaji mtu mwenye mikono inayohisi, yangu imekufa ganzi, nambeba kama nabeba chungu cha watu, na najua imetoka wapi hiyo, aliyenizaa aliweza, mkono wake ndio huu, damu inajua njia... nikisema watamchukua, nisiposema nitampeleka mwenyewe, Ijumaa hii au ijayo, Ijumaa ndiyo siku yake, yeye ni Fiifi kweli, nilikuwepo, mvua ilikuwa inanyesha, hiyo ndiyo siku pekee ninayoijua kwa hakika katika habari zetu zote... "Basi niulize hili kwa wote," Sista anasema, ameirudisha kalamu kwenye karatasi, "katika ukoo, upande wa mama, kuna aliyewahi kuugua akili? Hasa baada ya kuzaa?" nami nauma midomo, maana niliapa, tangu getini niliapa, swali la ukoo likija nitamtazama, hapa hakuna njia ya kupita, ama aseme huyu sikumzaa, ama aongope mbele ya daftari la dawa, na akiongopa hapa pia namtoa mtoto mgongoni kwake na naondoka, nitazame sikio lake tu... mkono wa Mama umekwenda nyuma unampapasa Fiifi matakoni, pa pa pa, "Yupo," anasema. "Nani?" "Mama yangu mzazi. Aliponizaa mimi. Miezi mitatu hakuoga, Sista, alisema mimi si mtoto wake, nimebadilishwa, wakampeleka kambi ya maombi, wakamfunga mnyororo kwenye mti mpaka kifundo kikaoza, mimi nilinyonyeshwa na shangazi. Na mdogo wangu naye, yule wa Saltpond, alipozaa mapacha. Ni letu hilo. Liandike. Esi ameturithi sisi"... ameturithi, ha, mimi, nataka kucheka, mimi nimrithi bibi ambaye damu yake haikunipitia hata tone, nitapewa dawa za mnyororo wa mtu mwingine, uongo gani huu mkubwa... lakini mkono hauko sikioni, mkono uko nyuma kwa mtoto, pa pa pa, macho yake yako kwenye kalamu ya Sista, anataka kuona kama inaandika, na jasho limemtoka juu ya mdomo... na ngoja, miaka yote hii ndani ya nyumba ile sijawahi kusikia habari ya mnyororo, Nana, bibi huyo, husemwa alikufa kwa homa, basi, hata sisi wenyewe milango ikifungwa husemwa homa, na binti wa Mjomba Ebo amebishiwa hodi ya posa Jumamosi iliyopita, watu wa Anomabo wameleta chupa zao za pombe, na bado wanachunguza, wanauliza mitaani kama nyumba hii ina wazimu, hivyo ndivyo watu wanavyouliza kabla ya kuoa, na Sista Eshun anaimba kwaya pamoja na nusu ya mji huu, na Mama anajua, Mama anayejua nani amenunua dokono la mkopo tangu Pasaka hawezi kusahau hilo... alikuwa na neno moja jepesi, sikumzaa, angelisema tu, ugonjwa ungekuwa wangu na wa huko nilikotoka, na ukoo wake ungetoka humu umeoshwa, mweupe, harusi ikaendelea, na hakulisema, ama amelificha ama... amesahau, Yesu wangu, inawezekana mtu akasahau, alikaa akatafuta kichwani ugonjwa wangu umetoka wapi akaenda moja kwa moja kwa mama yake, kama mtu anayetafuta ufunguo mahali anapouweka kila siku... na aliposema Jumapili mkono ulikuwa wapi, nakumbuka sasa, nakumbuka vizuri, ulikuwa unafunga fundo la mbeleko, haukwenda sikioni, Jumapili kwake si uongo, kengele zililia kweli, nilikuja mikononi mwake kengele zinalia na kwake yeye hapo ndipo nilipozaliwa, pamoja na meno yangu... na kule kukaa kwake ukingoni mwa kiti, tazama, ukikaa sawasawa na mtoto mgongoni utambana kwenye egemeo, na mlangoni ndiko kuna upepo, Fiifi ana vipele vya joto shingoni, alivipaka maji ya mchele asubuhi, nilimwona, nikanusa bakuli... sijui, labda ni mimi tu natafuta, labda kesho nitanusa tena, lakini huyu mwanamke ameweka aibu ya mama yake mezani ili mimi nisiwe mgonjwa peke yangu, na haitatosha, Sista ataandika la Nana na atanitibu nusu tu, nusu nyingine ninayo mimi, na haimo katika kichwa cha mtu yeyote humu ndani... "Esi?" anasema Sista Eshun, kalamu bado iko pale pale, feni inazunguka, Mama yuko mlangoni na mtoto wangu, pa pa pa, natazama pakiti ya maji mkononi mwangu, kona yake iliyong'atwa na meno ya mtu mwingine kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatetemeka, naipeleka mdomoni, ulimi unaigusa kwanza, baridi, haina ladha yoyote, ni maji, ni maji tu, namwambia Sista, Mama asitoke, andika ya Nana yote kama alivyosema, kisha chini yake acha nafasi ya kwangu, acha kubwa kidogo, na sasa sikiliza, kuna mlango mmoja una wavu wa buluu...