Upande wa Baba kwenye Sahani

Jioni ile Godelive aligeuza bugali kwenye sahani kubwa ya bati, akaweka bakuli la maharage kando, akaita watoto. Kavira, mkubwa wao, alileta beseni la kunawia. Sikuli alimfuata akijipangusa pua kwa mkono wa shati. Kadogo, ambaye ndiyo kwanza ameanza kutembea, alibebwa. Kila mmoja alikaa upande wake, na upande wa mlangoni ukabaki wazi kwa sababu ulikuwa wa baba yao, Kambere. Walipomaliza kusali, upande ule wa bugali ulikuwa na shimo.

Tonge lilikuwa limekwisha kumegwa. Ukingoni mwa shimo palikuwa na alama ya kidole kilichopinda, kile ambacho cherehani ilikivunja zamani. Godelive aliitazama, kisha akaurudisha mkono wa Kadogo uliokuwa unaelekea kulekule.

"Hapana kula pale," akamwambia. "Ni upande ya baba."

Kambere alikuwa fundi wa kushona. Mwaka wa sitini na nne, waasi walipoingia Butembo, walimletea suruali zao zilizochanika, naye akazishona, maana mtu mwenye bunduki haambiwi arudi kesho. Jeshi la serikali liliporudi, askari walimpandisha Kambere kwenye lori kwa ajili ya suruali zile. Tangu hapo, kila ofisi aliyobisha hodi Godelive ilimjibu kwamba hakuna mtu wa jina hilo aliyekamatwa. Alichotaka yeye ni kimoja tu: wamrudishie baba ya watoto wake.

Jirani yake Maliro alikuja kuomba moto, akaliona shimo.

"Mama Kavira, wako anakuya kula," akasema. "Wangu eko hapahapa Butembo na hapana kula kwangu!"

Akacheka, akachukua kaa lake, akaenda. Kesho yake alileta unga wa muhogo, kwa kuwa mdomo mmoja ulikuwa umerudi mezani.

Kavira ndiye aliyetaka kujua zaidi. Aliizungusha sahani wakati wa sala, na shimo likatokea vilevile upande wa mlangoni. Siku nyingine alificha pilipili ndani ya bugali, na maji ya kikombe walichomwekea baba mlangoni yakashuka mpaka nusu.

"Baba eko anakunywa!" Sikuli akapiga makofi.

"Mais Kavira, utamuchoma baba yako," Godelive akasema. Lakini naye aliinama kuchungulia kikombe.

Siku moja walipata samaki mkavu, kipande kimoja. Godelive alikiweka chote upande wa baba, kwa sababu mashimo ya siku zile yalikuwa makubwa, ya mtu ambaye hapati chakula kingine. Walipofumbua macho baada ya sala, samaki alikuwa amehamia upande wa Kadogo, na miiba yake imeshatolewa.

Godelive akamlisha mtoto samaki.

Kuelekea Pasaka, alama ziliongezeka. Zilikuwepo za vidole vinene, za vidole vyembamba, na za mkono usio na kidole gumba.

"Baba ameleta bageni," Kavira akasema.

Kambere hakuwahi kula peke yake hata siku moja, akiwa nyumbani. Godelive akapika bugali kubwa zaidi. Maliro akaleta unga tena, na wanawake wengine wa mtaa wakaleta maharage na majani ya maboga, wakayaweka mlangoni bila maneno mengi.

Beseni nalo lilikuwa na habari zake. Watoto wakishanawa, maji yalitikisika yenyewe, yakabaki na vipande vya maganda vinavyoelea. Jumaine, dereva wa lori kutoka mtaa wa Waislamu, alipopita kusalimia aliokota kimoja, akanusa.

"Ni ganda ya kahawa, mama Kavira. Ninabebaka hii kila juma. Inatoka kwenye depo moja ya Beni, nyuma ya kambi ya askari."

"Donc Kambere eko pale?"

"Mikono yake iko pale," Jumaine akajibu. "Kesho ninateremuka Beni. Panda na batoto."

Aliwapa nafasi ya mbele. Msaidizi wake akakaa juu ya mizigo, akijifunika gunia kwa baridi, na hakunung'unika.

Mlango wa depo ulilindwa na sajini mmoja mwenye macho ya kuchoka.

"Humu hamuna mutu, mama," akasema. "Ni kahawa tu."

"Sawa, chef. Basi tukule kidogo hapa. Batoto beko na njala."

Godelive alitandika kitenge chini ya ukuta, akafungua bugali aliyoifunga kwa majani ya ndizi, akaiweka kwenye sahani. Wakasali. Sajini alisimama akitazama matonge yakimegwa upande wa ukuta, moja baada ya jingine. Kisha akachuchumaa, akaisukuma sahani mpaka ikagusa matofali, ili mikono isinyooshwe mbali.

"Asante, chef," Godelive akasema. "Sasa unipe bwana yangu."

"Bwana gani? Nimekuambia, ni kahawa." Sajini akasimama, akapangusa magoti. "Lakini siku ingine uongeze chumvi. Banalalamikaka."

"Ba nani?" Kavira akauliza.

"Kahawa," sajini akajibu.

Godelive alirudi Butembo, akaongeza chumvi. Alikwenda Beni mara nyingi tena. Sajini yule akahamishwa, akaja mwingine, na depo ikabaki ya kahawa tu. Suruali za waasi zikawa matambara, watu wakaacha kuzitaja. Wanawake wa mtaa waliendelea kuleta unga.

Kadogo akafika umri wa kuanza shule. Sura ya baba yake hakuikumbuka. Jioni moja Godelive alimwona akimega bugali kwa kukunja kidole chake, kidole kizima kilichonyooka, na shimo lake likawa sawasawa na lile la upande wa mlangoni.

"Nani alikufundisha kumega vile?"

"Baba," Kadogo akasema, mdomo umejaa.

Godelive akamimina maji kwenye kikombe cha mlangoni, wakaendelea kula.